Taswira ya lenzi mbinuko: uichore, uikokotoe au uwashe mshumaa?

Jumamosi jioni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alinisukumia daftari mezani. "Mjomba, nimepata sita."

Swali lenyewe ni la kila siku. Kitu chenye kimo cha sentimita 4 kimesimamishwa sentimita 15 mbele ya lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sentimita 10. Taswira iko wapi? Alikuwa ameandika hatua zote kwa mwandiko wa kupendeza, na chini kabisa amepiga mistari miwili: 6 cm.

"Umechora?"

"Hawajasema tuchore."

"Chora tu, mama. Hata kwa mkono."

Alichora mhimili, akasimamisha lenzi, akaweka F mbili (F ni fokasi, nukta ambapo miale inayofika sambamba na mhimili hukutana) na mshale wake. Mwale wa kwanza ukapita F ya upande wa pili na kuendelea kushuka. Wa pili ukapita katikati ya lenzi. Kabla haijakutana akanyanyua penseli. "Mbona inakutana huku mbali? Mimi nimesema sita, na F yenyewe iko kumi."

Ndiyo hivyo. Mchoro wa dakika moja, bila rula, ulikataa jibu ambalo kalkuleta ilikuwa imelipitisha bila swali. Jibu sahihi ni sentimita 30. Ile sita ilitoka wapi, nitaieleza mbele, maana ni kosa linalowakuta wengi siku hizi.

Njia za kutafuta taswira ziko tatu: kuchora miale, kutumia fomula, na kuitafuta taswira yenyewe kwa mshumaa na karatasi. Watu huzishindanisha kana kwamba ukichukua moja umeziacha nyingine. Mimi nina upande wangu na nitausema mapema: mchoro wa mkono kila mara, fomula ukitaka namba, mshumaa ukitaka kuamini. Anayebaki nyuma kwangu ni mchoro wa skeli kwenye karatasi ya grafu, ingawa ndio unaokula saa nyingi zaidi za wanafunzi. Michoro hiyo miwili watu huichanganya, kumbe kila mmoja una kazi yake.

Mchoro wa mkono

Mhimili mkuu ni mstari wa mlalo. Lenzi ni mstari wa wima unaoukata, wenye vimishale viwili vinavyotazama nje juu na chini. Weka F pande zote mbili kwa umbali ule ule, na 2F, yaani mara mbili ya umbali huo, pande zote mbili. Kitu ni mshale uliosimama juu ya mhimili. Kutoka kwenye ncha yake toa mwale sambamba na mhimili. Ukifika kwenye lenzi unapinda na kupita F ya ng'ambo. Mwale wa pili unapita kitovu cha lenzi bila kupinda. Inapokutana ndipo ilipo ncha ya taswira. Upo pia mwale wa tatu, ule unaopita kwanza F ya upande wa kitu halafu unatoka ukiwa sambamba na mhimili. Huo si wa lazima; mimi huuita shahidi. Ukikataa kupita pale wenzake walipokutana, basi kuna mmoja amechorwa vibaya.

Ukisogeza kitu kutoka mbali kuja karibu, unaiona taswira ikisafiri. Kitu kikiwa nje ya 2F, taswira inakaa kati ya F na 2F za ng'ambo, ndogo, kichwa chini: hivyo ndivyo kamera na jicho lako vinavyofanya kazi. Kikiwa juu ya 2F, taswira iko 2F na kimo ni kile kile. Kikiingia kati ya 2F na F, taswira inatoka nje ya 2F na inakua. Hiyo ni projekta. Kikikaa juu ya F yenyewe, miale inatoka sambamba na haikutani popote. Kikiingia ndani ya F, miale inatawanyika, na ukiirudisha nyuma kwa nukta nukta inakutana upande ule ule wa kitu: taswira kubwa, imesimama wima, si halisi, yaani huwezi kuinasa kwenye karatasi. Hicho ni kioo cha kukuzia.

Mchoro huu hautoi namba. Unatoa yale mengine yote: taswira iko upande gani, imesimama au imepinduka, imekua au imepungua, ni halisi au si halisi. Na unatoa mipaka. Taswira halisi ya kitu halisi haiwezi kuwa karibu na lenzi kuliko F. Anayelijua hilo halipigii mistari miwili jibu la sita.

Kuna mahali pawili ambapo mchoro huu huwaangusha watu. Pa kwanza ni kitu kikiwa ndani ya F. Mwanafunzi amekariri kuwa mwale wa tatu "unapita F", basi anauchora kutoka ncha ya mshale kurudi nyuma kuelekea F, na unaipa lenzi mgongo. Sasa utapindwa na nini? Hapo weka rula iguse F na ncha ya mshale, halafu chora kutoka ncha kwenda kwenye lenzi. Mwale unakuja kana kwamba umetokea F. Au achana nao, tumia wa kwanza na wa pili.

Pa pili ni pale mwale unapopita juu ya lenzi uliyoichora kwa kuwa mshale ni mrefu kuliko lenzi. Nimeona watoto wakifuta kila kitu na kuanza upya. Hakuna haja. Refusha ule mstari wa wima. Miale hii ni ya kujengea tu, kama kamba ya fundi mwashi. Mwanga wa kweli utapita kwenye kioo kilichopo na kufika pale pale mistari yako ilipokutana.

Mchoro wa skeli

Huu ni ule ule, ila kila sentimita imepimwa. Kwa swali la mpwa wangu, sentimita 15 upande mmoja na 30 upande wa pili ni jumla ya 45. Karatasi ya grafu haitoshi, kwa hiyo unachukua skeli: kwa mlalo, sentimita 1 iwakilishe 5. Kitu kinakaa sentimita 3 kutoka kwenye lenzi, F iko 2. Kwa wima si lazima utumie skeli hiyo hiyo, na hapa wengi hushangaa. Unaweza kukiacha kitu kiwe na sentimita 4 kamili. Mistari inakuwa mikali zaidi, makutano yanaonekana vizuri, na mahali pa taswira hapabadiliki. Utapima 6 kwenye karatasi, yaani 30 halisi, na kimo cha sentimita 8 kuelekea chini. (Ndiyo, ile sita tena. Nimeshaona mtu akiiandika hivyo hivyo kwa kusahau kuzidisha kwa skeli.)

Penseli iwe imechongwa vizuri. Si mapambo hayo. Mstari wa penseli butu unakaribia unene wa milimita 1, na kwenye skeli hii milimita 1 ni nusu sentimita ya kweli.

Kwa swali kama hilo mchoro wa skeli unatoa jibu zuri, na mtahini akiandika "kwa kuchora kwa skeli" huna la kuchagua: ukikokotoa, utapata namba na kukosa alama za mchoro. Shida inaanza kitu kinapokaribia F. Weka kitu sentimita 11 mbele ya lenzi ile ile. Taswira inaruka hadi sentimita 110. Kiweke 10.9, inakwenda 121. Kiweke 11.1, inarudi karibu 101. Milimita moja mbele, sentimita kumi nyuma. Na kwenye karatasi yako ya skeli ya 1 kwa 5, hiyo milimita ya kweli ni sehemu ya tano ya milimita, nyembamba kuliko ncha ya penseli. Miale miwili inateremka karibu sambamba, inagusana taratibu kama reli zinavyoonekana kugusana kwa mbali, na wewe unaamua kwa macho ni wapi hasa. Wanafunzi kumi watakupa majibu kumi, na hakuna mzembe hata mmoja kati yao.

Fomula nayo haimponyi aliyepima vibaya, maana akiingiza 10.9 badala ya 11 atapotea vile vile. Lakini yenyewe haiongezi kosa lake juu ya kosa lako. Mchoro unaongeza.

Fomula, na ile sita ilivyopatikana

Fomula inayotumika katika madarasa ya Tanzania na Kenya ni hii:

1/f = 1/u + 1/v

f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, v ni umbali wa taswira. Kwa swali letu: 1/v = 1/10 − 1/15 = 1/30, kwa hiyo v = 30. Ukuzaji ni v gawanya kwa u, yaani 2, na kimo kinatoka 4 kwenda 8. Mistari mitatu, umemaliza.

Mpwa wangu alikuwa ameandika 1/v = 1/10 + 1/15, ikampa 1/6. Nilipomuuliza kajifunzia wapi, akasema kwenye video. Nikaitazama. Mwalimu ni wa India, anafundisha vizuri kabisa, na fomula yake ni 1/f = 1/v − 1/u. Haijakosewa. Katika mtindo wa kule, umbali unaopimwa kutoka kwenye lenzi kwenda kinyume na mwelekeo wa mwanga ni hasi, kwa hiyo kitu kilicho mbele ya lenzi kina u = −15. Hasi mbili zinakutana, zinakuwa kujumlisha, na jibu linarudi 30 kama letu. Mpwa wangu alichukua fomula ya kule na alama za huku: u akaiacha 15 chanya. Ni kama mtu anayesoma saa ya Kiswahili kwa mishale ya Kizungu, yuko sahihi kila mahali isipokuwa kwenye jibu.

Ushauri wangu hapa ni mkali: chagua mtindo mmoja, ule wa mwalimu wako na wa mtihani wako, na video yoyote ya mtindo mwingine itazame kwa ajili ya maelezo, si kwa ajili ya fomula. Katika mtindo wetu, kila kilicho halisi ni chanya na kisicho halisi ni hasi. Kitu kikiwa sentimita 6 mbele ya lenzi ile ile ya 10, 1/v = 1/10 − 1/6, unapata v = −15. Ile hasi si kosa la kalkuleta, ni taarifa: taswira si halisi, iko upande wa kitu, sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, imekuzwa mara mbili na nusu. Wanafunzi wengi huifuta ile hasi kwa aibu. Wakiwa na mchoro wa mkono pembeni hawaifuti, kwa sababu wameshaiona taswira ikitokea nyuma ya kitu.

Kuna fomula nyingine haipendwi sana darasani, nami naipenda kwa kukagua majibu kichwani. Huitwa kanuni ya Newton. Badala ya kupima kutoka kwenye lenzi, pima kutoka kwenye F: kitu kiko umbali gani kutoka F ya upande wake, taswira iko umbali gani kutoka F ya upande wake. Vizidishe, utapata f mara f. Kitu cha sentimita 15 kiko 5 nje ya F. Mia gawanya kwa 5 ni 20. Taswira iko 20 nje ya F ya ng'ambo, yaani 30 kutoka kwenye lenzi. Hakuna sehemu, hakuna kalkuleta. Na inakuonyesha papo hapo kwa nini kule karibu na F mambo yanaruka: kitu kikiwa sentimita 1 nje ya F, mia gawanya kwa 1 ni mia nzima.

Kwa anayetaka kujikagua, hizi ni namba za lenzi ya sentimita 10:

u = 60, v = 12
u = 30, v = 15
u = 20, v = 20
u = 15, v = 30
u = 12, v = 60
u = 6, v = −15

Tazama mstari wa 30 na wa 15, kisha wa 60 na wa 12. Kitu na taswira vinabadilishana viti. Mwanga ukirudi kinyume unapita njia ile ile.

Mshumaa

Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, kwa hiyo mshumaa ulikuwa tayari mezani. Lenzi tulikuwa nayo, kioo cha kukuzia cha duka la vifaa vya shule. Kishikizo chake tulikichomeka kwenye kipande cha sabuni ya mche, kikasimama. Karatasi nyeupe tuliibandika kwenye jalada la kitabu. Rula ya futi moja haitoshi. Tulitumia futi kamba ya fundi nguo.

Kwanza lazima ujue f ya lenzi yako, kwani ya dukani haijaandikwa. Fanya hivi mchana: simama ndani ya chumba mkabala na dirisha, shika lenzi, sogeza karatasi nyuma yake mpaka mti wa ng'ambo ya barabara uchoreke kwenye karatasi kichwa chini, majani na rangi zake zote. Pima kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi. Mti ulio mita 20 ukiipa lenzi ya sentimita 10 taswira, itakuwa 10.05, hiyo nusu milimita huwezi kuipima hata ukitaka. Usitumie jua. Karatasi inaungua, na jicho halina spea.

Kama huna kioo cha kukuzia, miwani ya kusomea ya machinga inafaa, na ina faida moja: imeandikwa. Ile ya +2.50 maana yake gawa 100 kwa 2.5, unapata sentimita 40. Lakini andaa nafasi, kwa sababu ya jambo ambalo limewakwamisha wengi kwenye mitihani ya vitendo. Umbali kati ya mshumaa na karatasi haupaswi kupungua mara nne ya f. Kwa lenzi ya 10 ni sentimita 40. Kwa miwani ile ni mita 1 na sentimita 60. Chini ya hapo utasogeza lenzi mbele na nyuma mpaka mshumaa uishe, na taswira haitatokea. Mwanafunzi hudhani lenzi ni mbovu. Meza ndiyo fupi.

Tukaweka mshumaa sentimita 15. Karatasi ikasogea: 26, doa la njano, 28, umbo la moto, 30, moto umepinduka, ncha yake ikitazama meza, ukitetemeka kila mlango ukifunguliwa. Mpwa wangu akacheka. Alikuwa amechora taswira "kichwa chini" mara hamsini darasani, na hakuwahi kuiona hata moja.

Ila usitegemee namba kali kutoka hapa. Ukisogeza karatasi hadi 29.5 au 30.5, bado unaona moto mzuri tu. Kwa lenzi yenye upana wa sentimita 5, karatasi ikihama milimita 6 kutoka mahali pake kila nukta inakuwa kidoa cha milimita 1, na jicho linasamehe kidoa cha milimita 1 kwenye moto unaocheza. Dawa yake ni kusogeza karatasi mpaka taswira iharibike mbele, kisha mpaka iharibike nyuma, na kuchukua katikati. Jambo jingine: mshumaa unapungua ukiwaka, na kadiri moto unavyoshuka taswira inapanda juu ya karatasi. Baada ya robo saa tulilazimika kuuinua mshumaa kwa kuuwekea daftari chini.

Taswira isiyo halisi karatasi haiikamati kabisa. Weka mshumaa sentimita 6, utapata mwanga mpana usio na umbo popote utakaposhika karatasi. Ili kuipata lazima utazame kupitia lenzi na kutumia pini mbili na mbinu ya paralaksi: pini moja ndefu unaisogeza nyuma, ukiitazama juu ya lenzi, huku ukichezesha kichwa kushoto na kulia, mpaka pini hiyo na taswira zitembee pamoja bila kuachana. Inawezekana, inachosha, na kwa hali hiyo mimi huchagua fomula na mchoro bila kusita.

Pale mchoro unapokudanganya

Nimeusifu mchoro, sasa nauteta. Uliza darasa lolote: nikifunika nusu ya juu ya lenzi kwa kadi, taswira kwenye karatasi itakuwaje? Wengi watasema itakatika nusu. Na wale waliofaulu zaidi kuchora ndio husema kwa uhakika zaidi, kwa sababu wanaona kwenye karatasi yao kwamba mwale wa juu, ule sambamba, umezibwa na kadi. Mwale umekufa, basi na taswira yake imekufa.

Jibu ni kwamba taswira inabaki nzima na mwanga wake unapungua. Kila nukta ya moto inarusha miale kwenye lenzi yote, si miwili tuliyoichagua kwa kuwa ni rahisi kuchora. Nusu ya chini ya lenzi inapokea miale kutoka ncha ya moto, kutoka katikati, kutoka kwenye utambi, na yote inaipeleka mahali pake. Tulifanya kwa kadi ya mwaliko wa harusi: moto kwenye karatasi ukafifia, ukabaki mzima. Nikamwambia sasa rudi kwenye mchoro wako, toa miale mingine mitano kutoka ncha ile ile, yote iende pale pale. Akaona. Fomula haina la kusema hapa. Haijui lenzi ina upana gani.

Kuhusu programu za kompyuta nitasema machache. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, na ndani yake kuna jaribio la bure la lenzi: unavuta kitu kwa kidole, taswira inahama, miale inajichora yenyewe. Kwa kuiona taswira ikikimbilia mbali kitu kinapokaribia F, hakuna karatasi itakayoshindana nayo. Lakini mtoto anayeanza na hiyo hujua kuvuta kuliko kuchora. Achore kwanza ndipo aichezee.

Uchague ipi

Kama unajiandaa kwa mtihani: mchoro wa mkono pembeni mwa swali, fomula katikati, na skeli pale tu ulipoambiwa. Kama una lenzi mbili, kwa mfano hadubini, chora mara moja uelewe taswira ya lenzi ya kwanza inavyokuwa kitu cha ya pili, kisha kokotoa. Mchoro wa skeli wa lenzi mbili ni msitu. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 na lenzi moja awape mchoro wote, na lenzi aizungushe dirishani watu watano watano.

Na kama unataka kutengeneza kitu, tumia fomula kisha mikono. Mpwa wangu siku hiyo hiyo alitaka projekta ya simu kwa boksi la viatu. Lenzi ya sentimita 20, ukuta mita 2: 1/u = 1/20 − 1/200, simu ikae sentimita 22.2 kutoka kwenye lenzi. Kwa penseli huwezi kuitofautisha hiyo na 22 au 22.5, na ukikosea hivyo taswira kali itahama sentimita 20 hivi mbele au nyuma ya ukuta. Ukuzaji ni 9, kwa hiyo kioo cha simu chenye urefu wa sentimita 14 kinakuwa mita 1 na sentimita 26. Inasikika tamu mpaka ukumbuke kuwa mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara 81, tena ule mchache tu ulioingia kwenye lenzi. Inahitaji giza totoro. Umeme bado haukuwa umerudi, tukazima mshumaa.

Simu tuliigeuza kichwa chini, kama mchoro unavyoagiza. Picha ikasimama wima ukutani. Lakini maandishi yakasomeka kinyume, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Mchoro wetu umelala kwenye karatasi, unajua juu na chini tu. Simu inautazama ukuta, na sisi tumekaa nyuma ya simu, kwa hiyo tunaiona picha yake upande wa mgongo. Tukaning'iniza shuka jeupe jepesi mlangoni badala ya ukuta, boksi likabaki sebuleni, na sisi tukahamia ukumbini, nyuma ya shuka. Hapo maandishi yakasomeka.